Jibu la Akiba

Jumanne ilikuwa siku ya mavuno. Vijana wa zamu walishuka kwenye matangi, wakatoa figo zilizokomaa, kila moja wakaitia kwenye chupa yake ya maji ya uvuguvugu, na tangu hapo hakuna aliyekaa kwa raha. Figo ya kuotesha haijui kusubiri. Ikitolewa tangini Jumanne, Ijumaa inatakiwa iwe ndani ya mwili wa mtu. Ikichelewa inageuka rangi, inanuka, na miezi yote ya kuilea inamwagwa mtaroni. Ndiyo maana Shamba la Figo la Morogoro lilikuwa na ofisi ndogo juu ya matangi, yenye feni mbovu na kompyuta nzuri, iliyoitwa Ofisi ya Foleni. Humo ndimo mlimoamuliwa nani apone.

Kusema kweli, si watu walioamua. Iliamua fanksheni moja iliyoandikwa kwa lugha ya takwimu, isiyozidi ukurasa mmoja, jina lake tarajio. Unaipa umri wa mgonjwa, kiasi cha chumvi kilichomo kwenye damu yake, uzito wake, na kama nyumbani ana mtu wa kumuuguza. Yenyewe inakurudishia namba kati ya sufuri na moja, yaani matumaini kwamba figo mpya itadumu mwilini mwake. Mwenye namba kubwa anaitwa kwanza. Mwenye ndogo anaambiwa asubiri, na tangu visima vya wilaya kavu vigeuke chumvi, waliosubiri walikuwa wengi kuliko walioitwa.

Zaina Mhando ndiye aliyekuwa mlezi wa foleni. Cheo kizuri cha kumtajia mtu harusini, lakini kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza kitufe kila Jumanne, kuhakikisha hakuna kilichokwama, na kupeleka majina hospitali. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka bila kuulizwa lolote na mtu yeyote, naye akaridhika, kama wengi wetu tunavyoridhika na kazi isiyotuuliza maswali.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuisoma foleni mpaka chini. Kaka yake, Mbwana, fundi wa pampu kule kwao Kwemkonga, wilaya kavu, alikuwa ndani ya foleni hiyo tangu mwaka uliopita. Alikuwa ametengeneza pampu za wilaya nzima, akanywa maji ya kila kisima alichokitengeneza ili kuwahakikishia watu kwamba pampu inafanya kazi, na sasa figo zake zilikuwa zimekwisha. Kila wiki Zaina alijiambia wiki ijayo. Kila wiki jina la Mbwana lilikuwa kule chini kabisa, pamoja na wazee na wanaokata roho. Mbwana hakuwa mzee. Hata Zaina, aliyezoea kuikubali fanksheni hiyo, safari hii hakukubali.

Akaamua kuiita tarajio kwa mkono, mgonjwa mmoja tu, aone inavyowaza. Akachukua taarifa za Mbwana zilizoletwa na kliniki, akaandika:

tarajio(umri = 38, chumvi = 9.1, uzito = 64)

Ikamjibu 0.31. Namba ya maiti mtarajiwa.

Akakaa akiitazama. Kisha akagundua kwamba kwenye taarifa za Mbwana pale penye muuguzi hapakuwa na kitu, na programu ya foleni ilikuwa imeipa fanksheni hoja tatu, yaani taarifa tatu, badala ya nne. Na fanksheni haikulalamika. Akapanda mpaka juu ya msimbo wa fanksheni, mstari wa kwanza kabisa, mstari alioupita kila siku kama mtu anavyopita mbele ya kibao cha jina la mtaa wake:

tarajio <- function(umri, chumvi, uzito, muuguzi = 0)

Ile sufuri ndiyo iliyoifanya chai yake ipoe. Unapoandika fanksheni unaweza kuipa kila hoja jibu la akiba. Vitabu huliita chaguo-msingi, lakini pale ofisini lilikuwa jibu la akiba tu. Mwenye kuiita fanksheni akitaja hoja hiyo, jibu la akiba linakaa pembeni. Asipoitaja, linatumika, kimya, bila onyo, na matokeo yanatoka safi. Hapa jibu la akiba lilikuwa sufuri. Kwa hiyo mtu yeyote ambaye kliniki haikusema chochote kuhusu muuguzi wake, fanksheni ilimhesabu kuwa hana mtu duniani.

Akaandika tena, safari hii akaongeza muuguzi = 1. Ikamjibu 0.78. Kwa namba hiyo Mbwana angekuwa ameitwa siku nyingi.

Zaina akapitisha wagonjwa wote wa wilaya kavu, mmoja mmoja. Wote wa Kwemkonga muuguzi hakujazwa. Na wa vijiji jirani, hivyo hivyo. Na katikati yao akaona jina lililomkata maini kuliko la kaka yake, kwa kuwa hakujua hata kwamba lingekuwemo. Mwanjaa. Mwalimu Mwanjaa, shoga yake tangu walipokuwa wakiibiana kalamu darasa la kwanza.

Akampigia simu.

"Shoga! Leo jua limetokea wapi?" Mwanjaa alicheka, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Mbona hukuniambia kama na wewe unaumwa?"

"Ningekuambia ili iweje? Uniombee kwa kompyuta? Hapa narudi kwenye mkeka wangu kando ya kaka yako. Miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa, nimevaa vya marehemu baba. Ungeniona, ni kama polisi wa zamani."

Zaina alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mwanjaa, nisikilize. Yule daktari wa kishikwambi alipokuja kwa Mbwana, alimwuliza kama ana mtu wa kumuuguza?"

"Alimwuliza. Tulikuwepo chumba kizima."

"Akajibu nini?"

"Angejibu nini, wewe? Mtu anaumwa, unamwambia ataje kwa kinywa chake nani atamwosha na kumgeuza. Si kujichulia huko? Tulimkodolea macho yule kijana mpaka akaona haya. Akabonyeza endelea, akaenda zake."

"Na wewe alipokuuliza?"

"Mimi nina wazimu? Nami nikanyamaza. Mama naye akamtolea kijana wa watu maneno, karibu amfukuze. Kwani vipi? Kuna ubaya?"

"Hapana," Zaina alisema. "Nauliza tu."

Alipokata simu alibaki ameshika kichwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana hakuna jambo ambalo yeye, mtoto wa Kwemkonga, alipaswa kulijua kuliko hilo. Kwao hakuna anayemtaja muuguzi. Kumtaja ni kuuita ugonjwa ukae. Mwenye kuuguza huja mwenyewe na mkeka wake, anautandika kando ya kitanda, hasemi neno, na mkeka huo haukunjwi mpaka mgonjwa asimame au atolewe. Mama yake Zaina alipolala kitandani kwa mara ya mwisho, Zaina alikuwa chuoni anajifunza hiyo hiyo lugha ya takwimu. Mkeka uliotandikwa kando ya mama yake ulikuwa wa Mwanjaa. Na kwa hesabu za Ofisi ya Foleni, Mwanjaa hakuwa na mtu.

*

Dokta Rwezaura, mkuu wa ofisi, ndiye aliyeiandika tarajio siku za mwanzo kabisa, shamba lilipokuwa na matangi ya kuazima. Alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya chini, hana makuu, na Zaina alimheshimu kwa dhati. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavua miwani.

"Unajua kabla ya hiyo sufuri kulikuwa na nini, Zaina?"

"Hapana, Dokta."

"Kulikuwa na NA."

Zaina alielewa mara moja, na hilo ndilo lililomuudhi. Lugha ile ina alama yake ya kitu kisichojulikana, NA, na alama hiyo haina adabu. Ukiijumlisha na namba yoyote, jumla inakuwa NA. Ukiizidisha, NA. Inaambukiza kila inachogusa, na ina kelele. Mtu mwenye NA hapangiki: hayuko juu wala chini, na foleni iliyojaa watu wa namna hiyo si foleni.

"Wilaya kavu zote zilikuwa zinatoka NA," Rwezaura aliendelea. "Foleni ikagoma. Nikapiga simu kliniki, nikatuma magari, Ijumaa ikafika. Nilizimwaga figo zile kwa mikono hii. Watu wako pale nje wamekaa kwenye benchi, na mimi namwaga. Jumanne iliyofuata nikaweka sufuri. Foleni ikatembea, watu wakapona. Nilisema ni ya muda tu."

"Ya muda mpaka lini?"

Rwezaura akatabasamu kwa uchovu. "Wewe umekuwa hapa miaka mingapi? Mbona hukuniuliza?"

"Basi tuweke moja, Dokta. Kule hakuna mtu asiye na muuguzi. Ukiumwa Kwemkonga unakosa pa kuweka miguu kwa watu."

"Kwemkonga, ndiyo. Na huyu wa mjini anayelala kituo cha mabasi, naye hakujaza? Tukimhesabia moja tunampa figo, hakuna wa kumsafisha mrija wa kidonda asubuhi na jioni, inaozea tumboni mwake na yeye anakufa nayo. Huyo nani atamjibia? Wewe?"

"Basi tusiweke chochote. Tufute jibu la akiba. Fanksheni isipopewa muuguzi isimame, iseme haijapewa. Kliniki zitalazimika kurudi kuuliza, na safari hii waulize kwa namna ya watu. Au wasiwaulize kabisa, watazame ni mkeka wa nani uko chini."

"Itasimama leo," Rwezaura alisema taratibu. "Leo Jumanne. Kule chini figo zimeshatoka. Mpaka kliniki zirudi vijijini, hizi zimeoza zote, na kaka yako hatapata, na hawa walioitwa leo nao hawatapata. Wiki ijayo Bodi ya shamba inakuja kututembelea, nao wanakuta foleni imekufa. Wakiondoka tutaliangalia. Nakuahidi."

"Na wanaokufa kwa sufuri, Dokta?"

Rwezaura alivaa miwani yake. Alikuwa mkweli, kwa hilo lazima asifiwe. "Sufuri haina kelele, Zaina," alisema. "NA ilikuwa na kelele."

Zaina alirudi kwenye kiti chake akiwa na hasira ya kutaka kupasua kitu, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakuna alipoweza kusema yule mzee amekosea hesabu.

*

Kulikuwa na njia ya tatu, na yeyote aliyewahi kuandika fanksheni anaijua. Jibu la akiba halimfungi mtu. Anayeiita fanksheni anaweza kuitaja hoja yeye mwenyewe, na fanksheni haimwulizi kalitoa wapi jibu lake. Huna haja ya kuugusa mstari wa kwanza. Huna haja ya kumwambia mtu. Unamwita mgonjwa mmoja kwa mkono, unamwandikia muuguzi = 1, unairudisha namba yake kwenye foleni, basi.

Wala haikuwa uongo. Hilo alijirudia mara nyingi mchana ule. Mbwana alikuwa na muuguzi. Mkeka ulikuwa chini. Yeye alikuwa anaandika ukweli mtupu, ukweli ambao kliniki ilishindwa kuuandika. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliuandika ukweli huo kwa mtu mmoja, na kulia na kushoto kwa mtu huyo kulikuwa na watu tele wenye ukweli ule ule, wasio na dada Ofisi ya Foleni.

Akaandika mstari wa Mbwana. Namba ikapanda, jina likapanda nayo, likaingia ndani ya wale wa wiki hiyo, na la mwisho miongoni mwao likasukumwa nje. Zaina hakulisoma jina hilo. Alifunika sehemu ile ya kioo kwa kiganja, kama mtoto anayefunika daftari mwenzake asimwibie jibu.

Kisha akaandika mstari wa Mwanjaa. Aliuandika wote, umri, chumvi, uzito, akafika kwenye muuguzi, na hapo kidole kikagoma. Mmoja wa Kwemkonga anaweza kuwa bahati. Wawili, siku moja, kutoka kijiji cha mlezi wa foleni, watu wangeuliza. Wangeuliza, wangefungua, wangemnyang'anya Mbwana yake kabla hata hajapanda kitanda cha upasuaji. Jumanne ijayo, alijiambia. Mwanjaa bado anatembea, anataniana, amevaa viatu vya baba yake. Wiki moja haitamwangusha.

Akaufuta mstari ule. Akabonyeza, akapeleka majina.

Jioni Mbwana alipiga simu, analia na kucheka pamoja, anasema ameitwa, ameitwa, Mungu mkubwa. "Nikuambie kitu, Zaina?" alisema. "Mwanjaa ndiye aliyenifungia mzigo. Amesema nikirudi nisithubutu kumletea zawadi mbaya."

*

Jumatatu Dokta Rwezaura alisimama mlangoni mwa Ofisi ya Foleni na kikombe chake.

"Nimeona jina la Mhando kwenye waliopasuliwa," alisema. "Hongera. Anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Dokta." Zaina hakuthubutu kuinua macho.

"Mshukuru Mungu." Akanywa funda. "Kwa sababu ya ujio wa Bodi nimefunga njia ya kuiita tarajio kwa mkono. Itaitwa na programu ya foleni tu. Mtu asije akasema tunachagua." Akamtazama kwa upole, upole wa mtu aliyekushika pabaya na hataki kukuumiza bila sababu. "Lile suala la jibu la akiba bado nalikumbuka. Nadhani sasa sote wawili tunaona vizuri likae kwanza."

Hakumtisha, wala hakuinua sauti. Zaina alielewa kwamba siku atakapofungua kinywa kuhusu ile sufuri, kitu cha kwanza kitakachotoka nje kitakuwa jina la kaka yake. Akafyata ulimi. Wiki ile akafyata, na iliyofuata. Mstari wa kwanza wa tarajio alikuwa bado na mamlaka ya kuugusa, maana mlezi wa foleni ndiye aliyeshika msimbo. Kilichofungwa ilikuwa ile njia ya uchochoroni tu, ya mtu mmoja mmoja. Iliyobaki wazi ilikuwa njia kuu, ya watu wote, na hiyo ndiyo aliyoiogopa. Bodi ikaja, ikatembezwa kwenye matangi, ikala pilau, ikaisifu foleni kwa jinsi inavyotembea bila kukwama.

Mwanjaa aliendelea kupiga simu kutoka kando ya kitanda cha Mbwana, aliyekuwa amerudishwa nyumbani. Asubuhi na jioni alikuwa anausafisha mrija wa ubavuni kwa maji ya moto na chumvi kidogo, kama alivyofundishwa hospitali, na alijigamba kwamba ana mkono mwepesi kuliko nesi. Figo ya Mbwana ilikuwa imeshika vizuri. Kwa jambo hilo fanksheni haikukosea hata kidogo: mgonjwa alikuwa na muuguzi wa kweli.

"Na wewe, unaendeleaje?" Zaina alikuwa akimwuliza.

"Mimi? Nasubiri kuitwa. Wewe si uko huko huko, hebu waambie wanikumbuke." Halafu anacheka, kuonyesha kwamba anatania, asije akamtia shoga yake kwenye majaribu.

Aliyepiga simu ya mwisho alikuwa Mbwana. Mwanjaa alikuwa ameinama kukamua kitambaa, akakaa chini kwenye mkeka, akasema ngoja nipumzike kidogo. Mbwana, aliyekuwa bado haruhusiwi kuinuka, aliita watu mpaka sauti ikamkauka.

*

Zaina alifika Kwemkonga walipokuwa wameshamzika Mwanjaa. Mchanga wa kaburi ulikuwa na weupe wa chumvi juu yake, kama kila kitu kule. Hakwenda moja kwa moja msibani. Alipita kwanza kwa kaka yake, kwa kisingizio cha kuweka mzigo, na mlangoni akasimama.

Mkeka ulikuwa chini bado. Juu yake alikuwa ameketi Bi Mkunde, mama yake Mwanjaa, kanga ya msiba kichwani, bakuli la maji ya moto mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja. Pole na safari."

"Mama, poleni nyie... Mama, unafanya nini hapa? Nyumba yako imejaa watu. Inuka, nitafanya mimi."

"Hujui," Bi Mkunde alisema, bila ubaya, kama mtu anayesema mvua hainyeshi. "Mwanjaa alinionyesha. Mkeka haukunjwi mgonjwa hajasimama. Ulikuwa wake, sasa nimeukalia mimi."

Mbwana alikuwa amelala chali, mashavu yamejaa, macho mekundu. Hakumsalimia dada yake. Bi Mkunde alichovya kitambaa, akakikamua, na akiwa bado anakikamua akauliza kile ambacho bila shaka alikuwa akikiwaza tangu usiku wa kwanza wa msiba.

"Zaina, wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Nataka unieleweshe, sikulaumu. Mbwana aliulizwa yale maswali, na Mwanjaa akaulizwa. Kijana ni yule yule, siku ni ile ile. Mbwana akaitwa. Mimi nikasema labda mwanangu alijibu vibaya. Au ni mimi, nilimtolea yule kijana maneno, akaandika kwa hasira. Niambie tu, mwanangu. Tulitakiwa tujibuje?"

Zaina alikuwa na majibu mengi ya kuokoteza: kwamba kompyuta zina mambo yake, kwamba namba hazifanani, kwamba ni kudra. Yote yalimfika mdomoni. Akayaona yote ni sufuri, majibu ya kuwekwa pale ili foleni itembee.

"Mbwana hakujibu kitu, Mama," alisema. "Wote mlinyamaza, na ukinyamaza mashine inaandika kwamba huna mtu. Mbwana nilimjibia mimi."

"Ukamjibia."

"Ndiyo, Mama."

"Na Mwanjaa?"

"Nilianza. Nikaogopa. Nikasema nitamjibia wiki ijayo. Wiki ijayo wakafunga. Ningeweza kuisimamisha foleni yote wakaanza upya kuuliza, lakini wangenijua, nikanyamaza."

Kitandani Mbwana aligeuza uso ukutani. "Ungeniuliza," alisema. Alisema kwa ukuta, si kwake. "Ungeniuliza, Zaina. Ningekuambia umwandike yeye."

Bi Mkunde hakupiga kelele. Laiti angepiga. Zaina alikuwa amejiandaa kutukanwa, kupigwa, kufukuzwa kijijini, na yule mama alitazama tu bakuli lake, maji yanapoa.

Zaina akakaa pale pale mlangoni, akatoa kompyuta yake ndogo kwenye mkoba, akaufungua msimbo wa tarajio. Alama mbili tu alizifuta, ile ya sawasawa na ile sufuri. Mstari ukabaki muuguzi peke yake, bila jibu la akiba. Akaupeleka Morogoro kwa jina lake kamili. Alijua kitakachofuata. Keshokutwa ilikuwa Jumanne. Foleni ingesimama kwenye jina la kwanza la wilaya kavu na kusema hoja haijapewa, nayo isingetembea mpaka mtu aende kutazama mikeka. Figo za wiki hiyo zingeoza, na mahali fulani kulikuwa na mtu aliyeitwa kwa haki kabisa ambaye angezikosa. Na kazi yake ilikuwa imekwisha, na jina la Mbwana lingetajwa redioni. Lilikuwa jambo la haki, na alilifanya pale tu ambapo aliyelihitaji alikuwa ameshafukiwa. Hakujisikia shujaa hata chembe. Simu yake ikaanza kuita, jina la Rwezaura juu yake. Akaiacha iite.

"Hiyo mashine yako," Bi Mkunde alisema, "ndiyo hiyo hapo?"

"Ndiyo, Mama."

"Inasikia ukiiambia ukweli?"

"Inasikia."

"Iambie ukweli wa Mwanjaa. Iambie alikuwa na mtu. Alikuwa na mimi, alikuwa na shangazi zake wote, mikeka ingekosa pa kutandikwa. Nataka kujua inasemaje."

"Mama, haitasaidia kitu sasa."

"Najua. Iambie."

Zaina akaandika, kwenye nakala ya tarajio iliyokuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ambayo Rwezaura hakuifunga. Umri wa Mwanjaa aliujua bila kutazama, ulikuwa umri wake mwenyewe. Chumvi na uzito alivikumbuka tangu ule mstari alioufuta. Muuguzi, moja. Namba ikatoka, akaisoma mara mbili, akatamani angekuwa mwongo.

"Sema," Bi Mkunde alisema.

"Inasema angekuwa mbele ya Mbwana, Mama."

"Mbele ya Mbwana," Bi Mkunde akarudia, taratibu, kama mtu anayejifunza neno geni. Akaongeza maji ya moto kwenye bakuli kutoka kwenye chupa ya chai, akajaribu joto lake kwa kiwiko, akachovya kitambaa na kukikamua.

"Geuka ubavu, baba," alimwambia Mbwana. "Nikusafishe."